Supu za hotelini Tanga ukishikwa na mafua: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua sufuria mpaka kubeba nyumbani

Wagosi na wadau wote, kusi likianza kuvuma na vile vimvua vya asubuhi nusu ya mji inavuta kamasi, na swali linakuwa lile lile, ninywe supu gani? Majibu ya mtaani ni matatu tu: kongoro, pweza, au "jaza pilipili utapona". Yote matatu yana walakini wake na nitasema kwa nini, ila kwanza tuelewane supu inafanya nini mwilini maana usipojua hapo utabeba bakuli zito la mafuta alafu ushangae mbona kichwa bado kinagonga.

Mafua yanaletwa na virusi, na aina za virusi hivyo zinapita 200, vile vya rhinovirusi ndo vinaongoza. Hakuna supu inayoviua, na ile amoksilini unayonunua duka la dawa bila cheti haivigusi kabisa, yenyewe kazi yake ni bakteria. Mtu mzima kwa kawaida anapona ndani ya siku 7 mpaka 10. Sasa supu inakusaidia kuzipita hizo siku: inakurudishia maji na chumvi, inakupa chakula kidogo wakati hamu imekata, na joto lake linalegeza kamasi. Hili la kamasi limepimwa. Mwaka 1978 kule Miami madaktari waliwanywesha watu 15 wazima maji baridi, maji moto na supu ya kuku ya moto, wakapima kamasi inatembea kwa kasi gani puani. Maji baridi yalipunguza kasi, maji moto yaliongeza, supu ya kuku ikaongeza pia na ikaonekana ina kitu cha ziada, lakini baada ya nusu saa hivi ongezeko hilo likaisha. Shika hiyo nusu saa, maana mwongozo huu karibu wote umejengwa juu yake. Bakuli moja kubwa la kushindilia asubuhi halikufikishi jioni, bora vikombe vidogo vidogo vya moto mara nyingi.

HATUA YA 1: hakikisha ni mafua kweli

Hapa napita haraka ila usiruke. Mafua ya kawaida ni pua kuziba au kuchuruzika, chafya, koo kukwaruza, kikohozi, uchovu. Homa kali kwa mtu mzima, kutetemeka, viungo kuuma kama umepigwa, macho kuuma kwa nyuma, hiyo usiipeleke kwenye supu, ipeleke kupima. Huku kwetu malaria ipo mwaka mzima, na dengi nayo tunaijua, mwaka 2019 ilisumbua Dar na Tanga ikafika. Na kama unahisi inaweza kuwa dengi usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka upimwe maana zinaongeza hatari ya kutoka damu, parasetamoli ndo salama ukifuata dozi. Kifua kikibana, ukihema kwa shida, au siku 10 zimeisha hakuna nafuu, nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo.

HATUA YA 2: nenda mapema

Supu ya hotelini huku pwani ni kitu cha asubuhi. Watu wakitoka msikitini swala ya alfajiri sufuria limeshachemka, na kuanzia saa 12 mpaka saa 3 au saa 4 ndo muda wake. Ukifika saa 6 mchana unakuta mambo mawili, ama imeisha (ishara nzuri kwa hiyo hoteli, mbaya kwako), ama imebaki ya chini ambayo imeongezwa maji na chumvi mara tatu, mafuta yote yamekaa juu, nyama imechoka. Mgonjwa ndo anaamka kwa kuchelewa, najua, kwa hiyo mtume mtu na hotipoti. Jioni ni zamu ya wenye pweza na ya wale wa uji, nitawafikia.

HATUA YA 3: chagua sufuria, usichague jina la hoteli

Kuna jambo watu hawalifikirii, pua yako haifanyi kazi. Siku ya kawaida ungenusa tu ukajua hii nyama ya jana, au samaki huyu hapana, lakini ukiwa na mafua utakula kitu kilichochacha hadi umalize. Kwa hiyo tumia macho, uliza, na kama unaweza nenda na mtu mwenye pua nzima anuse kwanza.

Angalia hivi. Sufuria liko juu ya moto au limeshushwa pembeni linangoja wateja? Supu inayochemka taratibu au iliyobaki moto mkali wa kutoa mvuke ni sawa, ya vuguvugu iliyokaa tangu alfajiri achana nayo, bakteria wanapenda sana hilo joto la katikati, na chakula kinachongoja mlaji kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzijoto 60. Mzunguko wa watu ukoje? Kule Ngamiani kwenye barabara za namba, pembeni ya soko la Mgandini, stendi ya Kange, utakuta kibanda cha mbao kinatoa sufuria zima kabla ya saa 3, na jirani yake hoteli yenye vigae na feni ina wateja wawili. Mimi naenda kwenye kibanda. Bakuli wanaosha wapi, kwenye ndoo moja ya maji yaliyogeuka rangi au yanatiririka? Kuna maji ya kunawa na sabuni? Basi, hayo yanatosha, usianze kukagua mpaka mama lishe akuone bwana afya.

HATUA YA 4: supu gani kwa hali gani

Hapa ndo penyewe, nakaa kidogo.

Kuku. Ukiuliza mimi hii ndo namba moja siku mbili tatu za kwanza, na sio mimi tu, Musa bin Maimun yule tabibu wa Misri wa karne ya 12 aliisifia supu ya kuku kwa wagonjwa wa kifua. Mwaka 2000 mtafiti wa Nebraska, Stephen Rennard, alichukua supu ya kuku ya familia ya mkewe akaipeleka maabara akakuta inapunguza mwendo wa zile seli nyeupe zinazokimbilia sehemu yenye uvimbe, na uvimbe huo ndo unakuletea pua kujaa. Ila hiyo ilikuwa kwenye vyombo vya maabara, hawakupima wagonjwa, kwa hiyo mtu akikwambia "imethibitishwa inatibu" mwambie apunguze. Kienyeji au wa kisasa? Kwa ladha kienyeji, hakuna mjadala, anachemshwa muda mrefu na maji yanakolea. Kwa mgonjwa ambaye kutafuna tu ni kazi, kuku wa kisasa nyama yake laini na anatosha kabisa, usijitese kutafuna paja gumu wakati unahemea mdomoni. Kuwa makini tu, hoteli nyingine "supu ya kuku" yao ni maji ya kuchemshia kuku wa kukaanga yenye vidonge vya supu vya dukani, chumvi tupu. Uliza kama ina tangawizi na kitunguu swaumu au ni chumvi na ndimu peke yake.

Samaki. Tanga bila samaki ni kujidanganya. Supu ya changu, chewa au kolekole ni nyepesi tumboni, haina mafuta ya kuganda, na ukiwa na kichefuchefu ndo inayopita. Kichwa cha chewa kwenye supu yenye nyanya, ndimu, tangawizi na pilipili manga ni kitu kingine, ila kina miba na mgonjwa mwenye usingizi na miba havipatani, omba minofu. Nenda hoteli zinazonunua asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea na kupika siku hiyo hiyo. Kitu kimoja cha kuchunga: jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu wanatengeneza histamini, na histamini haifi kwa kuchemshwa, unakula supu ya moto kabisa alafu baada ya muda mfupi uso unawaka mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Kwa mwenye pua iliyoziba mimi nasema abaki na changu.

Mbuzi. Nzuri siku ya tatu nne hamu inaporudi. Omba mbavu au mfupa wenye nyama kidogo, kataa yenye shahamu maana mafuta ya mbuzi yanaganda mdomoni supu ikianza tu kupoa, na koo lenye kidonda haliyataki.

Kongoro na utumbo. Najua hapa nitagombana na watu. Kongoro limechemshwa usiku kucha kwenye mkaa, linanata midomo, tamu kweli, lakini siku ya kwanza ya mafua tumbo lako halina nguvu ya kusukuma uzito huo na utaishia kulala kichwa kizito zaidi. Liweke siku ya kupona, siku unayorudi kazini, hapo linafaa sana. Utumbo vivyo hivyo, na huo unategemea umeoshwaje, kitu ambacho pua ingekwambia ila iko likizo. Wenye gauti wakae mbali na utumbo, maini na figo hata wakiwa wazima.

Pweza. Ile supu ya kwenye vikombe jioni, jamaa ana meza, kisu, ndimu na pilipili na maneno mengi ya kuwavutia wanaume. Kwa mafua? Maji yake ya moto yana chumvi na yanatelezesha koo, sawa, kikombe kimoja jioni hakina ubaya. Nyama ya pweza lakini ni ngumu kutafuna na ngumu kusaga. Kunywa kikombe, vipande waachie wenzako.

Mtori. Umetoka kwa Wachaga ila siku hizi hoteli kibao hapa mjini wanao. Ndizi zimepondwa laini na nyama, unateleza wenyewe kooni, unashibisha, hauhitaji chapati. Kwa koo linalouma nauweka wa pili baada ya kuku. Wengine wanautia maziwa, na kuna imani kwamba maziwa yanazidisha kamasi, haijaonekana hivyo wanapopima, yanafanya tu mate yawe mazito kwa muda mfupi ukahisi kama kamasi imeongezeka. Kama hisia hiyo inakukera agiza usio na maziwa.

Mchemsho. Wa kuku au samaki, wenye viazi, karoti, ndizi, hoho na nyanya, mboga nyingi hapa zinashuka kutoka Lushoto. Huu ni supu na chakula kwa pamoja, wa mchana, kwa anayekula mara moja kwa siku kwa sababu ya kuumwa. Unapikwa ukiagiza, kwa hiyo subira, ila angalau unajua haujalala.

Urojo agiza mtupu. Uchachu wa ndimu na embe unasikika hata pua ikiziba, lakini bajia na chipsi za juu zinakwaruza koo. Na ikiwa ni usiku, supu zimeisha, tafuta uji wa pilipili manga. Sio supu najua, ila ni wa moto, unawasha kifuani kidogo, na unalalia bila njaa.

HATUA YA 5: namna ya kuagiza

Usiseme tu "nipe supu" alafu ukae na simu. Mwambie hivi: "Shikamoo mama, naomba supu ya kuku, supu nyingi nyama kidogo, nienguie mafuta ya juu, chumvi usiongeze, ndimu na pilipili niwekee pembeni, naumwa mafua." Hilo la mwisho litaje, utashangaa, akiitika marahaba anaweza kukuchotea ya chini ya sufuria yenye tangawizi, akakupa pole na kipande cha ziada.

Kwa nini chumvi usiongeze? Pua ikiziba chakula chote kinakuwa bapa, sehemu kubwa ya ladha ni harufu, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye kikopo cha chumvi wenyewe na unamimina bila kuridhika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na supu ya hoteli tayari imebeba sehemu nzuri ya hiyo. Wenye presha hapa ndo wanapoumia. Badala yake tumia vitu visivyohitaji pua: ndimu, ulimi unausikia uchachu, na pilipili manga au pilipili mbuzi kidogo, ule muwasho haupiti kwenye harufu.

Ila pilipili isimamie. Ikiingia, pua inafunguka na kuchuruzika dakika chache, raha, kisha inarudi ilivyokuwa. Koo likiwa na kidonda au una vidonda vya tumbo achana nayo kabisa, utajiongezea maumivu bure. Pua imeziba ila koo haliumi? Weka tone, jaribu, ongeza.

Ya kushushia: chapati ichovye mpaka ilainike, boflo vile vile. Mihogo ya kuchemsha ni mikavu, ndizi za kuchemsha afadhali. Soda baridi sana juu ya supu sioni maana yake, agiza maji au chai ya tangawizi. Machungwa ya Muheza kula tu kama tunda, vitamini C haizuii mafua kwa watu wa kawaida na ukianza kuitumia ukiwa umeshaugua haijaonyesha faida ya kueleweka, ila chungwa lina maji na ni tamu, sababu inatosha.

HATUA YA 6: kunywa taratibu

Bakuli likija usilivamie. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa kimataifa waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzijoto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, alafu koo lako limeshavimba. Ngoja dakika kadhaa, inama juu ya bakuli vuta ule mvuke puani, taratibu, hii peke yake inafungua. Kisha kijiko kwa kijiko. Ukianza kutoka jasho usiogope, ila usikae kwenye upepo na shati limelowa maana utasikia baridi.

Umekunywa nusu umetosheka? Simama hapo hapo. Nusu nyingine ifungiwe, hiyo ndo ya saa 4 na ya mchana.

Na wenzako wafikirie. Kaa benchi la nje, usikohoe juu ya meza, tumia leso, nawa mikono kabla ya kushika chupa ya pilipili na kikopo cha chumvi ambacho watu ishirini baada yako watakishika. Siku ya kwanza na ya pili unapochuruzika sana bora utume mtu, kuvaa barakoa na kunywa supu kwa wakati mmoja hakuwezekani.

HATUA YA 7: kubeba nyumbani

Usifungiwe supu ya moto kwenye nailoni. Plastiki nyembamba na mafuta yanayochemka havifai kukaa pamoja, inapasuka, na ikipasuka kwenye bodaboda ni paja lako. Nenda na chupa ya chai yenye mdomo mpana au hotipoti ya kufunga vizuri. Kabla ya kutoka nyumbani mimina maji ya moto ndani kaa nayo dakika tano, mwaga, ndo ukachukulie supu, inakaa moto muda mrefu zaidi. Mwambie mama akuwekee supu kwanza nyama baadaye, na ndimu uikamulie nyumbani, ikikaa ndani ya supu ya moto muda mrefu inaleta uchungu.

Ukifika, gawa. Ya kunywa sasa, na ya kuweka friji ndani ya masaa mawili, usiiache mezani mpaka jioni kwa kuwa eti ilichemka asubuhi. Ukipasha, pasha ile ya kikombe kimoja tu, ichemke kabisa ndani mpaka katikati, isiwe vuguvugu, na iliyopashwa isirudi tena friji. Huna friji au umeme umekatika, nunua kidogo umalize, kesho sufuria jipya lipo.

WATOTO

Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata supu ya kuku ya bibi hapana, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kuanzia hapo anaweza kupata supu kidogo, ila ya hotelini kwa mtoto ina chumvi nyingi mno, omba ya kuku iliyochotwa kabla ya kukolezwa au mpikie nyumbani, nyama umpondee laini. Asali kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka ni marufuku hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli. Habari ya kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria la mvuke acheni, wanaungua. Na akikataa kunyonya au kunywa, akipumua kwa kasi au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, supu weka pembeni, pakia bajaji mpeleke kituoni saa hiyo hiyo.